Siku Mbili za Kuloweka

Nakivale, 14 Juni 2008

Bénédicte mutoto wangu,

Tunakusalimia, mie na Gradi mudogo wako. Tuko bazima. Kikohozi cha Gradi kimeisha, sasa anakimbia tu, na kusimama hajui. Na weye? Baridi ya Mbarara haikushiki tena kifua? Mama Kellen, bwana yake na batoto bako muzuri? Unisalimie bote pale kwenye nyumba za askari.

Barua hii anabeba Bonaventure, yule anayepeleka samaki ya ziwa letu Mbarara. Ni yeye alikuletea mufuko wa bunga ya muhogo juma lililopita. Ile ni shukrani kwa Mama Kellen kwa kukulaza mu nyumba yake ili usome.

Sasa niambie kweli. Tangu jua liwake hivi, kila nyumba inapata bidoni mbili tu za maji. Siwezi tena kuloweka mihogo siku ine. Ninaloweka siku mbili, ninaanika, ninapeleka ku mashine. Nikiuliza batu kama bunga iko muzuri, bote banajibu, "Muzuri, Mama Béné, muzuri sana," na banacheka na mie. Lakini unabajua. Siku tulipokimbia kwetu, ni bunga yangu tuligawana mu mulima, kikombe kwa kila nyumba. Nani hapa atanisema vibaya? Weye uko mbali, tena uko mutu wa masomo. Ile bunga iko namna gani?

Mie mama yako.


Mbarara, 29 Juni 2008

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na Gradi. Natumaini barua hii itawakuta mnakula na kulala vizuri. Mimi kifua kimenyamaza. Kwa Mama Kellen wote ni wazima, ila Jonan, mtoto wao mdogo, alitapika siku moja, na kesho yake akaamka anacheza.

Unga ulifika. Ni mzuri sana, mama, mweupe kuliko wa dukani. Mama Kellen ameusifu. Usihangaike.

Shuleni mwalimu alinisimamisha nisome kwa Kiingereza mbele ya darasa. Maneno nilikuwa ninayajua yote, lakini sauti haikutoka. Kule kwetu ilikuwa hivyo hivyo kwa Kifaransa. Nimesoma kwa lugha mbili, mama, na katika zote mbili nimejifunza kunyamaza.

Binti yako,
Béné


Nakivale, 20 Julai 2008

Béné wangu,

Amani kwako. Unakula vizuri? Nimeota umekonda. Sisi tunaishi.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya mwisho kwa sauti, Gradi asikie. Roho imetulia. Kumbe siku mbili zinatosha. Sasa ninaloweka vile mihogo yote, ya kuuza na ya kula siye.

Lakini kuna mambo hapa. Batu banakuja kununua kama zamani, banacheka, banabeba bunga, banaenda. Kisha ninatazama manyumba yao, na moshi hauonekani. Juzi asubuhi nikienda maombi nilikuta bunga imemwagwa nyuma ya kanisa. Mustari moja mweupe, murefu, unateremuka mpaka fasi ya matete. Kuku zilisimama pembeni zikautazama. Hakuna hata moja ilidonoa. Na leo tena, mustari mingine.

Diakoni Rutayisire anasema ule ni mukono wa mutu, ni uchawi.

Gradi anasema anasikia nyuki mu kichwa. Niliweka sikio langu juu ya sikio lake, nikangoja sana. Mie sikusikia kitu. Yeye alikuwa anatikisa kichwa pole pole, kama mutu anayefuata wimbo.

Mama yako.


Mbarara, 3 Agosti 2008

Mama,

Shikamoo. Hali yako? Gradi bado anasikia zile nyuki? Hapa tuko salama, mitihani imekaribia.

Nimewaza kidogo. Labda, maji yakipatikana, ungeloweka mihogo siku moja zaidi. Ni wazo tu. Wewe unajua kazi yako kuliko mimi.

Mwanao,
Béné


Nakivale, 26 Agosti 2008

Mutoto wangu,

Ninakusalimia bila nguvu. Uko muzima? Ubaki muzima, nikuombee hilo tu.

Tarehe kumi na mbili Gradi aliamuka akasimama juu ya vidole. Visigino vyake havigusi chini. Magoti yanagongana, anatembea kama anayevizia kitu. Nilifikiri ni muchezo. Nilimwambia aache. Akaniangalia, akasema, "Mama, siyo mie ninafanya."

Sasa beko batatu mu kijiji chetu. Mwingine ni kitoto cha Sidonie, jirani yetu. Mchana babo batatu banashuka kwenye maji, mumoja nyuma ya mwingine, juu ya vidole, bila kishindo, kama banaogopa kuamsha mutu. Batu banafunga milango bapite.

Diakoni ameonyeshwa mu maombi kwamba ni Goretti, yule anayeuza bunga upande wa chini. Ati ananionea wivu. Juma pili hii tutamutoa mu kanisa, na vijana banasema hawataishia kwenye kanisa. Mie nimekubali. Nifanye nini? Ni mutoto wangu.

Gradi amekonda. Ninamupikia bugali asubuhi, saa sita na magaribi, apate nguvu.

Mama yako.


Mbarara, 28 Agosti 2008

Mama,

Leo sitaanza na hali. Usimpe Gradi ule ugali. Ukisoma hapa, simama, uuondoe jikoni, kisha urudi umalizie barua.

Ni unga, mama. Goretti hajafanya kitu.

Nilikudanganya. Mfuko uliotuma ulikuwa mchungu. Nilipoupika, ulimi wangu ulikufa ganzi na kichwa kikazunguka. Jonan alikula kidogo tu, ndiyo maana alitapika. Mama Kellen alitazama sufuria, akamwaga, akasema, "Wewe mtoto, hii unga iko mubaya. Hata mbwa nakataa. Andikia mama yako, ambia yeye." Hakusema kwa hasira. Nikamjibu ndiyo. Kisha nikakaa na kalamu, nikakuona unavyopanga mstari wa maji tangu alfajiri, nikaandika "mzuri sana." Lile neno halikunichukua hata dakika.

Uliniandikia kuhusu nyuki, na nikaanza kuogopa. Badala ya kusema, nikaandika "labda." Nilitaka uelewe bila mimi kukuambia.

Jana nilimsomea barua yako nesi mmoja wa kambi ya askari, Mukandayisenga. Alinisimamisha kwenye habari ya visigino. Aliuliza, "Wanaloweka mihogo siku ngapi?" Mimi nilikuwa sijamtajia mihogo. Anasema aliyaona hayo kwingine, mwaka wa jua kali. Muhogo mchungu usipolowekwa vya kutosha unabaki na sumu, na mtoto anayekula huo huo kila siku unamkamata miguu. Bibi alitufundisha: unaloweka mpaka kidole gumba kizame chenyewe kwenye muhogo. Siku mbili hakizami, mama. Unajua.

Na ile mistari nyuma ya kanisa, nafikiri ni watu wako. Wananunua kwa heshima yako, halafu wanamwaga mahali ambapo hutajua nani kamwaga.

Bonaventure anangoja, injini inanguruma. Nafasi ipo kwenye gari lake, ameniambia nipande. Sipandi. Ninaogopa uso wako. Hilo nalo ninaungama. Kuanzia leo tusifichane kitu, nakuomba.

Béné


Mbarara, 18 Septemba 2008

Mama,

Majuma matatu. Bonaventure anasema alikuwekea barua mkononi, na hukumuuliza kitu. Gradi je? Goretti je? Andika hata neno moja, hata la kunitukana.

Béné


Nakivale, 12 Oktoba 2008

Bénédicte,

Salamu. Mvua imeanza. Ninatumaini unasoma na unakula.

Barua yako ya bugali ilifika Ijumaa ile. Bugali niliitoa, kisha nikakukasirikia, nikaiweka barua chini ya godoro. Nilisema, Mbarara imemuharibu, sasa anaona kazi ya mama yake kuwa sumu. Usiku nilichukua kipande cha muhogo mu beseni, siku yake ya pili. Nikasukuma na kidole gumba. Kilikuwa kama jiwe.

Juma pili ile nilisimama kabla Diakoni hajafungua kinywa. Nikasema, "Anayejua kasoro ya bunga yangu, aseme, mie mwenyewe ninaomba." Balitazama chini, bote, hata batoto. Kisha Goretti, aliyekuja kuhukumiwa, akasema kutoka nyuma, "Iko buchungu tangu mwezi wa sita, Mama Béné. Siye bote tunaimwaga." Hapo midomo ikafunguka, mumoja mumoja. Kila mutu alijua. Kila mutu alingoja mwingine aniambie.

Sasa ninaloweka siku ine, bunga inatoka nusu ya zamani. Goretti ananiuzia bidoni moja ya maji yake. Ku meza yangu kuna sahani ya bugali ya moto: unaonja kwanza, unasema, ndipo unanunua. Anayesema "muzuri" haraka, ninamuuliza mara ya pili. Juzi mutu alisema inanuka moshi. Nimehamisha fasi ya kuanika. Batu banarudi.

Ugonjwa wa Gradi hauongezeki. Daktari amesema miguu haitarudi kama zamani. Tumemuchongea fimbo mbili.

Umeomba tusifichane, basi nisikufiche. Barua yako ya "labda" ilinifikia tarehe tano mwezi wa nane. Gradi alisimama juu ya vidole tarehe kumi na mbili. Kitoto cha Sidonie, tarehe kumi na saba. Sidonie ameniuliza kama nilikuwa ninajua. Nimemwambia mie hapana. Akaniuliza kama Béné alikuwa anajua.

Nimemujibu kweli. Anataka kukuona. Bonaventure anakuja Mbarara Alhamisi, na mara hii utapanda.

Mama yako