Dawa Ndiyo Inayotahiniwa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lako limetulia. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako, huyo unayemwita mume wako, ameota meno mawili ya chini. Ananing'ata nayo akinyonya, halafu ananitazama usoni na kucheka. Mkanye mumeo.

Naandika kwa sababu kwenye simu nikisikia sauti yako nitalia tu, na maneno hayatatoka.

Ile ganzi ya miguu niliyokuambia imezidi. Nikiwa kwenye cherehani, mguu ukawa haujui kama umekanyaga pedeli au uko hewani, nikamshonea mteja gauni lenye mkono ulioziba kabisa. Baba mtoto akasema basi, twende hospitali. Daktari alitueleza pole pole, akatuchorea na picha. Kumbe ndani ya uti wa mgongo neva zimevikwa utando wa mafuta, na mwili wangu wenyewe umeudhania adui, unautafuna. Dawa aliyonianzishia inazuia usizidi kuliwa, lakini uliokwisha kuliwa haiurudishi. Iko nyingine mpya, wanataka kuona kama inaweza kuuotesha tena. Akaniuliza kama niko tayari kuingia kwenye majaribio.

Mama, mimi kusikia majaribio nikajua ni yale ya darasani, niliyokuwa nikifeli. Nikarudi nyumbani nikasoma. Baba mtoto ananiuliza maswali huku anaosha vyombo: uti wa mgongo unaanzia wapi, neva kazi yake nini. Siku ilipofika nikamwamkia muuguzi, nikaanza kumtiririshia majibu kabla hata hajaniuliza jina. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Akaniambia, "Mdogo wangu, inayotahiniwa ni dawa. Wewe ndiye utakayeisahihisha."

Hawakunificha kitu. Wengine wetu tutapewa kidonge kitupu, kisicho na dawa ndani, ili walinganishe, na hata daktari hatajua nani kapewa kipi. Inawezekana isinisaidie chochote. Nimekubali hivyo hivyo. Nataka kumbeba mwanangu kutoka kitandani mpaka mlangoni bila kushika ukuta.

Lakini dawa hiyo hainywewi huku unanyonyesha, kwa hiyo lazima nimwachishe ziwa kwanza. Nimempa chupa, ananusa kifua changu na kuigeuzia kisogo. Kwa mtu mwingine ataipokea. Njoo, mama, ulale na mumeo japo wiki mbili. Mimi nitalala chumba cha pili, na akilia nitajifunika mto kichwani.

Baba mtoto anakusalimu sana, anasema safari hii usibebe ndoo ya unga, huku upo. Nisalimie dada na wote wanaoniulizia.

Jambo moja la mwisho ambalo mdomo umekataa kulisema. Nitakuja kukupokea stendi, na siku hizi natembea kwa fimbo. Ukiniona usinikimbilie. Simama hapo hapo na mizigo yako, uniache nije.

Ni mimi,
kitindamimba wako