Nilichotundika Kitandani kwa Mama

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na ile baridi ya huko uliyoilalamikia haijakurudishia kikohozi. Ukitaka kujua hali yetu, kwa mwili hatujambo. Mpwa wako ameota jino la pili, na anayeujua ukali wake ni mimi. Usingizi nimeusahau sura. Baba anakula kwa kubembelezwa. Kiti cha mama anakipangusa kila asubuhi, kisha anakaa kwenye kingine.

Kwenye simu ulitaka nikueleze siku ile saa kwa saa, upate la kuongeza kwenye malalamiko yako dhidi ya nesi. Nilikukatia maneno nikasingizia mtoto analia. Hakuwa analia. Najua hukuwahi mazishi na najua linavyokuchoma, kwa hiyo leo nakueleza, ila uisome mpaka mwisho.

Baada ya kupasuliwa, mama aliwekewa mpira wa mkojo. Mpira ule unaishia kwenye mfuko, na mfuko unaning'inia kwenye kulabu ya kimashine kidogo kilichofungwa ubavuni mwa kitanda. Kila saa kinaandika chenyewe mkojo uliotoka, na namba zinakwenda kwenye kioo kilicho mezani kwa manesi. Ukipungua, kinalia. Daktari alitwambia kwamba mkojo ndio mjumbe wa figo, na mjumbe akichelewa wao wanatakiwa wakimbie. Mama alikipa jina la Mbea, maana, alisema, hakuna siri yake ya chooni kisiyoipeleka kwa watu.

Nesi wa zamu ya mchana, huyo huyo unayetaka afukuzwe, mama alimwita Mkwe. Alimtangazia wodi nzima ikisikia kwamba ana kijana wake ughaibuni, mrefu, ana kazi, kasoro yake ni kukoroma tu. Nesi akamjibu kwamba afadhali anayekoroma, angalau unajua yuko nyumbani. Mama alicheka mpaka akaushika mshono.

Jumatano ile asubuhi Mbea alilia mara mbili. Nesi aliukagua mpira usiwe umejikunja, akamwita daktari, wakaongeza maji ya dripu. Daktari akasema watasubiri saa chache. Mkojo usipoongezeka, mama atahamishiwa chumba cha mashine ya kusafisha damu mchana huohuo. Basi tukawa tunasubiri mkojo kama watu wanavyosubiri mvua.

Saa sita wakwe zangu walikuwa waje kumwona. Mama akasema heri afe kuliko mama mkwe wangu aukute mkojo wake unaning'inia kama kibuyu dukani. Aliniomba nifunike ule mfuko kwa mtandio wake. Nesi alisita, kisha akakubali, mpaka wageni waondoke. Alisema namba anaziona mezani, na mtu mzima ana haki ya kusitiriwa.

Nami nilikuwa na mtoto mgongoni, na nepi zake za kitambaa. Kikabati kilijaa dawa na vyombo, sakafu ndiyo kwanza imepigwa deki. Mfuko wa nailoni wa kutilia nepi zilizolowa nikautundika palepale kwenye kulabu, chini ya mtandio, ili wakwe wasiuone. Mtoto alikuwa amenyonya vizuri siku hiyo. Kila alipolowa nilimbadilisha, nikaitumbukiza nepi humo. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.

Mbea akanyamaza. Nesi alikuja kutoka mezani anatabasamu, akamwambia mama kwamba figo zimeamka. Mama akawageukia wakwe zangu akasema mwenye kijukuu cha kumlilia hafi ovyo. Saa nane daktari akapita, akaziangalia namba, akasema hakuna haja tena ya kumhamisha. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Saa kumi wakwe zangu wakaaga, nami nikakusanya vyangu, mfuko wa nepi ukiwamo, nikambusu mama, nikaenda zangu.

Kaka, sijafika hata getini Mbea akalia. Walipofunua mtandio waliukuta mfuko wa mkojo unakaribia kuwa mkavu. Wakamkimbiza kwenye mashine. Kesho yake mchana mama akatuaga.

Wiki iliyofuata, kwa ajili ya malalamiko yako, fundi alikikagua kimashine mbele ya baba na mimi. Mimi siku zote nilidhani kinauona mkojo, kama jicho. Fundi akatundika chupa ya maji kwenye kulabu, namba zikapanda, akasema kitu hiki hakijui mkojo ni nini, kinajua uzito tu, na ni kizima. Baba akasema kumbe basi nesi ndiye aliyezembea. Nesi hakujitetea. Alisema tu kwamba ilimpasa afunue mtandio. Mimi nilikuwa nimekaa hapohapo, mfuko wa nepi uko miguuni pangu.

Ni mimi, kaka. Mbea alihesabu mkojo wa mjukuu akauandika kuwa wa bibi.

Nilikaa kimya siku kumi na tisa. Nilimuuliza daktari, bila kumwambia sababu, kama zile saa nne zilizopotea zingemwokoa mama. Alisema huenda, na huenda isingekuwa hivyo. Hiyo huenda ndiyo ninayolala nayo.

Jana nilimwambia baba. Alimchukua mtoto mikononi mwangu akakaa naye mpaka akalala. Leo asubuhi nimekwenda kwa matroni nikasema yote na kuweka sahihi. Amesema watapigilia ukutani kulabu za mifuko ya wageni. Sasa umebaki wewe. Uyaondoe malalamiko yako kwa mkono wako mwenyewe, kabla ya Ijumaa watakapomkalisha kikao yule binti. Kosa lake ni kumsitiri mama yetu. Sikuombi kama kitinda mimba uliyemdekeza. Nakwambia kama niliyemwogesha mama kitandani siku zake za mwisho. Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi. Mgongo ninao, na umezoea kubeba.

Baba anakusalimu, na anasema ujifunike vizuri. Mpwa wako angekusalimu kama angejua maneno. Amelowa mara mbili tangu nianze kuandika, na kila ninapoishika nepi najikuta naipima kwa mkono kabla ya kuiweka chini.

Nibaki kuwa mdogo wako, hata ukininunia,

Kitinda