Upande Ulioachwa Wazi

Qiaotou, 20 Februari 2017

Mdogo wangu Guanghua,

Hujambo? Mimi mzima. Mama naye mzima ila goti; anakuulizia kila tukikaa kula. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika.

Miaka kumi na minane tumetengeneza vifungo pamoja. Ukaondoka na fundi wetu wa kalibu za kumiminia vifungo, ukafungua karakana ng'ambo ya mto, bila hata kuaga. Nami sikukaa kimya. Muuza resini ya vifungo nimemfunga kwa mkataba asikuuzie, muuza rangi pia, na wateja wako wawili wakubwa nimewapunguzia bei asilimia tisa. Kwa hesabu zangu Mei utaiona, Juni huioni.

Ila kuna jambo linanisumbua. Jumamosi nasoma na wenye viwanda wenzangu, mbinu za majenerali wa kale. Mwalimu kasema jeshi likizingira mji huacha upande mmoja wazi. Nikauliza, mtu umeshamshika, unamwachia ya nini? Akasema, "Bi Ye, wewe umeacha upande gani?" Swali hilo nimerudi nalo nyumbani. Wewe uliye ndani, unaonaje?

Dada yako,
Suqin

2 Machi

Dada Mkubwa,

Salamu, na goti la Mama lipone. Mimi nakohoa kidogo, vumbi la vifungo unalijua.

Kwa hiyo unalipa ada ufundishwe kunipiga? Ungeniuliza, ningekufundisha bure. Mwambie mwalimu hakuna upande uliobaki. Nami nina jenerali wangu: yule aliyevuka mto akavunja vyungu na kuzamisha mashua, askari wasiwaze kurudi. Nyumba nimeuza, nalala karakanani. Kuanzia kesho nauza chini ya gharama. Tuumie wote.

Unadhani niliondoka kwa ajili ya mshahara. Mkesha wa mwaka mpya ulimkalisha meneja wako mpya karibu na Mama, akitazama mlango, kiti cha heshima. Mimi ukaniweka mgongo mlangoni, mbele ya wakwe zangu. Hata mtoto anajua kiti kile ni cha mtu wa mwisho.

Mdogo wako,
Guanghua

23 Machi

Mdogo wangu,

Kikohozi vipi? Kunywa maji ya matunda ya peasi yaliyochemshwa.

Nilikuweka pale upokee sahani kutoka jikoni, kwa kuwa wewe ni mwepesi. Yule meneja angemwaga supu. Mshahara wako niliuhesabu, bonasi niliihesabu, viti sikuvihesabu. Nilimuuliza Mama, akasema, "Niliona. Nikadhani mmekubaliana."

Mwezi huu tumepata hasara wote wawili, wakashiba washindani wetu wa Yiwu. Sasa nimejua kwa nini upande mmoja huachwa: aliyefungiwa kote hana cha kupoteza. Muuza resini nimemwachilia, Jumatatu atakuletea. Sijakusamehe, kuondoka bila kuaga bado kunauma. Siku ya kusafisha makaburi tutakwenda kwa Baba, kisha tutakula.

Dada yako

30 Machi

Dada Mkubwa,

Nimepona. Resini imefika, nimeipima mara mbili nikidhani umenitilia mchanga.

Kiwandani sirudi, usipige hesabu hiyo. Ila vifungo vya makoti mashine zangu haziviwezi. Wateja wake nitawaleta kwako. Vya mashati niachie. Bei nairudisha ilipokuwa.

Sikuaga kwa sababu ungenizuia, na ningezuilika.

Makaburini nitakuja. Usimwambie Mama, akijua ataanza kupika leo.

Mdogo wako