Mama, Ulisema Nilipasuliwa kwa Nini?

Mama, shikamoo.

Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila salamu, ungenigombeza. Huku Pito upepo umeanza, ule wa kukausha midomo. Ulezi tumeshavuna. Nina mimba, Mama. Ya pili. Ulikuwa unaiulizia kila mwezi mpaka nikawa nakukimbia, na sasa imekuja wewe hupo.

Juma lililopita nilikwenda kliniki mjini, na Deo, na mama yake. Daktari ni binti mdogo, mpole. Akasema kwa kuwa Agnes alitoka kwa kupasuliwa, tuzungumze huyu atatokaje. Naweza kujaribu kuzaa kwa kawaida, lakini pale pale hospitali, karibu na chumba cha upasuaji, si kwenye zahanati, maana mshono wa ndani unaweza kuachia. Au nipasuliwe tena, na upasuaji nao una maumivu yake na unazidisha hatari kwa mimba za mbele. Nilikuwa namfuata vizuri tu. Halafu akauliza, "Mara ya kwanza ulipasuliwa kwa sababu gani?"

Mama mkwe akawahi: mtoto alikuwa mkubwa. Deo akasema hapana, kitovu kilimzunguka shingoni. Mimi nilijua jingine, kwa sababu shangazi amekuwa akinisimulia miaka yote hii kwamba Agnes alitanguliza matako. Nikalisema na hilo. Daktari akaweka kalamu chini. Mkunga mmoja mtu mzima aliyekuwa pembeni akaniuliza, "Mama, huyo mtoto alikuwa mmoja au watatu?"

Tulicheka. Kisha daktari akasema hacheki kwa ubaya, ila jibu la swali hilo ndilo linalomsaidia kutushauri. Kama Agnes alikaa vibaya, huyu anaweza kukaa vizuri, na kujaribu kuna maana. Kama njia yangu ndiyo nyembamba, nyonga yenyewe, hilo halikutoka na Agnes. Lipo.

Na wewe ndiye uliyeambiwa. Peke yako. Mimi nilikuwa nimelazwa kwa dawa ya usingizi, Deo alikuwa Matai kikazi, na daktari wa siku ile alitoka akakukuta wewe kwenye benchi na kanga zangu mapajani. Kadi yangu panya waliimaliza. Mkunga amepiga simu kule nilikopasuliwa, bado wanatafuta faili.

Usiku ule nililala nakuwaza, nikaanza kukuelewa, na kukuelewa kukanichanganya zaidi. Mama mkwe ulimwambia mtoto mkubwa, "mkubwa kama ukoo wenu," akatembea Milanzi nzima akijisifu. Deo ulimpa kitovu, jambo lisilo na mkosaji. Shangazi ndiye aliyekuwa amesimama mlangoni akisema, "Ataje aliolala nao, mtoto atatoka." Yeye ulimfunga mdomo kwa matako ya Agnes. Mimi nilipozinduka ulinipa uji, ukaniambia, "Ulichoka tu, mwanangu." Kila mtu ulimpimia dawa yake. Nashukuru, Mama. Nalia ninapoandika hapa, lakini nashukuru.

Ila kuna neno moja hukumwambia mtu yeyote. Nyonga. Hukulitaja hata kwa bahati mbaya. Na wewe nakujua: jambo dogo ulilipigia kelele mpaka jirani akasikia, jambo kubwa ulilimeza. Ulijua mwanamke akishaitwa mwenye njia nyembamba huku kwetu, jina hilo linamfuata mpaka kwa wanawake wenzake wa kanisani. Je, ndilo lililokuwepo? Au hukulitaja kwa sababu halikuwepo? Nimeligeuza hivi na hivi, sipati mwisho wake. Ningekupata kwa muda wa kuchota maji tu nikuulize.

Asubuhi nikiamka nasema nitajaribu. Mchana nikimwona Agnes anacheza nasema wanipasue, nirudi nimlee. Mama mkwe anataka nijaribu. Deo anasema nichague mimi, halafu ananitazama kana kwamba nimeshachagua vibaya. Naogopa, Mama. Nimewaambia wale wa kliniki hivyo hivyo, sijui. Mkunga akasema kutojua si kosa: nihamie karibu na hospitali kabla ya siku kufika, waangalie mtoto amekaaje na ana ukubwa gani, tuamue pamoja, na hata uchungu ukiwa umeanza naruhusiwa kubadili. Nimekubali hilo. Mengine bado ni ukungu.

Lakini hili nimelishika. Nikipasuliwa tena, nitaomba daktari aniambie mimi kwanza, si mtu wa kwenye benchi, na akitaja nyonga nitaitikia. Watu watasema, waseme. Maana jana jioni nilikuwa namwogesha Agnes kwenye beseni, mama mkwe akapita, akasema mtoto huyu umbo lote amechukua langu mimi mama yake, kuanzia kiunoni kwenda chini. Nikammwagia maji kiunoni, nikawaza. Siku moja atakaa mbele ya daktari aulizwe yeye, na huenda mimi nitakuwa huko uliko.

Kwa hiyo nakuahidi, yeye nitamwambia lile lile nitakaloambiwa. Mimi ulinifunika, na nililala salama. Yeye namwacha na jibu.

Pumzika, Mama. Bwana akuangalie mpaka tuonane.

Mwanao,
Skola