Nilidhani Umefunga Wewe

Jumanne, 4 Machi

Tumepanda! Boti ni ndogo kuliko ilivyokuwa kwenye picha — matanga mawili, injini moja yenye kikohozi, na chumba cha chini ambamo Mrefu hawezi kusimama wima. Ameshajigonga mara tatu. Mrefu ni mume wangu; jina hilo kapewa na Nahodha kabla hata hatujatua mabegi. Mimi nimeitwa Mhariri, kwa sababu nilipoulizwa kazi yangu nilisema ukweli.

Nahodha ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ya kengele ya shule. Mdogo wake ndiye fundi na ndiye mpishi. Sikio lake la kushoto halisikii, injini zimelimaliza. Wanapeleka magodoro kumi na mawili kwenye zahanati ya kisiwa cha mwisho, na wametuchukua sisi kwa sharti la kushika zamu kama mabaharia. Kurudi Jumamosi, tarehe kumi na tano.

Magodoro yamefungwa nailoni na kupewa sehemu yote nzuri ya chumba. Sisi tunalala kwenye mbao, ubavuni mwao. Fundi anasema mgonjwa kwanza, mtalii atajijua.

Nahodha kasema sheria humu ni moja, nyingine zote ni mapambo: ukiambiwa jambo, unalirudia kwa sauti. Akisema legeza kamba, unasema nalegeza kamba, ndipo unalegeza. Ukipewa usukani unasema ninao. Mrefu akaitikia kwa kichwa, kwa adabu zake zote.

"Kichwa hakina sauti, baba!"

Tukatazamana, tukacheka kimoyomoyo. Sisi tunaelewana bila maneno. Ndiyo fahari yetu. Mwaka wa tatu wa ndoa, na hatujawahi kupandishiana sauti hata siku moja.

Jumatano, 5 Machi

Nimetapika. Nimetapika tena. Nadhani nimetapika hadi keki ya harusi.

Mrefu alinishika mkanda wa jaketi kwa nyuma nisije nikakifuata chakula baharini. Hakusema kitu. Nilimpenda mno. Fundi akaniletea biskuti kavu, akanihakikishia kwamba kichefuchefu hakijawahi kumuua mtu, ila kimewafanya wengi watamani kufa.

Mvua. Paa linavuja mahali pawili: juu ya mto wangu na juu ya mto wake. Juu ya magodoro halivuji.

Ijumaa, 7 Machi

Tumbo limetulia. Na leo nimeshika usukani saa mbili nzima! Nataka niliandike hili kabla halijapoa. Ni mkono wa mbao tu, umelainika kwa viganja vya watu. Upepo ukijaza tanga, mbao inakuvuta, kama mtoto anayekuvuta kuelekea dukani. Hushindani nayo. Unaikubalia kidogo, unaikatalia kidogo. Kushoto kulikuwa na visiwa vitatu, vifupi, vya kijani, vimezungukwa na mchanga mweupe kama pambizo la ukurasa. Maji yalikuwa na rangi nisizokuwa na majina yake, na maneno ndiyo kazi yangu! Nilipiga kelele. Mimi, ambaye ofisini naomba radhi hata kwa mlango.

"Mhariri, unakwenda wapi?" akauliza Nahodha.

"Moja kwa moja!"

"Moja kwa moja juu ya mwamba? Kulia kidogo."

"Kulia kidogo!"

Mchana tulipita karibu na mnara wa simu. Simu ya Mrefu ikalia. Ujumbe wa mama mkwe: rangi ya chumba imekauka, ya maziwa kama mlivyotaka, na vitabu vya mwanangu, mkeo, nimeshampangia, vikubwa chini, vidogo juu. Mrefu akanisomea huku akitabasamu. Na mimi nikatabasamu.

Sikutaka rangi ya maziwa. Sikutaka rangi yoyote. Miezi miwili iliyopita Mrefu alikuwa anaosha vyombo, mimi nakausha. Akasema mkataba wetu wa nyumba unakaribia kuisha, na mama anasema chumba chake cha nyuma kiko tupu. Nikafuta sahani. Nikaiweka kabatini. Basi. Wiki iliyofuata akaja na maboksi, na mimi nikafunga maboksi. Kitanda chetu kiko kwa mama mkwe. Jiko letu liko kwa mama mkwe. Jumamosi ijayo tukishuka kwenye boti, na sisi tunakwenda huko. Kuishi.

Ni mwema, mama huyu. Hapo ndipo penye shida. Angekuwa mkorofi ningejua pa kuanzia. Anaingia bila kubisha hodi, lakini anaingia na chai. Utagombana vipi na mtu mwenye chai mkononi? Lakini nataka mlango. Mlango mmoja duniani ambao ufunguo wake umo mfukoni mwangu. Daftari hili, kwa mfano — litapangwa. Dogo, juu.

Zimebaki siku nane. Kwa nini simwambii? Najua kwa nini. Nikimwambia, itakuwa wazi kwamba hakunielewa. Na sisi tunaelewana.

Jumamosi, 8 Machi

Aibu! Bado uso unaniwaka.

Asubuhi tulikwenda kwenye kisiwa kisicho na mtu, mimi na Mrefu peke yetu, kwa kiboti cha mpira ambacho boti hukikokota nyuma. Tulijaza madumu kwenye chemchemi. Tuliogelea juu ya matumbawe. Kasa mkubwa akatupita kwa chini, taratibu, kama mkaguzi wa shule asiye na haraka. Halafu tukakaa mchangani, migongo imeegemeana, saa nzima, bila neno. Nikajisemea: nani mwingine ana hiki?

Tukarudi. Mrefu alipanda kwanza na kamba ya kiboti mkononi. Akaiweka chini ili anivute. Mimi kupanda, nikaiona imelala pale, nikajua ameshafunga. Yeye akaniona nimesimama karibu nayo, akajua nafunga mimi. Madumu tuliyaacha humo humo. Viatu vyangu pia.

Saa sita Fundi akataka maji ya kupikia. Nyuma ya boti palikuwa na bahari tu. Safi. Tupu.

Nahodha akauliza nani alifunga.

"Nilidhani yeye," nikasema.

"Nilidhani yeye," akasema Mrefu. Kwa pamoja, kama kwaya.

Hakufoka. Afadhali angefoka! Aliuliza tuko mwaka wa ngapi wa ndoa. Wa tatu. "Na huwa mnaongea, au mnaandikiana barua?" Fundi, aliyekuwa ametuelekezea sikio zima, akasema, "Waache, dada. Hawa wanasomana tu, kama gazeti la jana."

Kisiwa cha mwisho hakina gati. Bila kiboti hakuna godoro litakalofika nchi kavu. Watu kumi na wawili waendelee kulala sakafuni kwa sababu mimi na mume wangu tunaelewana.

Tumezunguka mchana kutwa. Mrefu kasimama mbele ya boti na darubini mpaka midomo ikampasuka kwa chumvi. Hatujakiona. Hatujaongea. Ila leo kimya chetu kina kelele.

Jumapili, 9 Machi

Kimepatikana! Kwenye mikoko, upande wa pili wa kisiwa kinachofuata. Wanawake wawili waliokuwa wanaokota chaza walikifunga kwenye mzizi, mafundo matatu.

"Kimetujia chenyewe, tukasema karibu ndani," mmoja akasema. Mwenziwe akataka kujua wenyewe ni akina nani. Nahodha akatuonyesha kwa kidevu: "Ni hao mabubu." Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikacheka na mimi — sikujizuia. Viatu vyangu vilikuwa mle mle, vimekaa sambamba kama vinasubiri kinyozi.

Mrefu alipokifunga nyuma ya boti alipaza sauti hadi ndege wakaruka:

"Nafunga kamba!"

"Unafunga kamba!"

"Nimefunga!"

"Amefunga!" akaitikia Fundi kutoka jikoni, ambaye hakuulizwa na mtu.

Tangu hapo tunarudiana kila kitu. Niletee kisu. Nakuletea kisu. Sogea. Nasogea. Ni utani, lakini jioni nimegundua kitu: nimefurahi siku nzima. Neno dogo linatoka kwangu, linafika ng'ambo, linarudi, na nimeliona kwa macho likifika. Tangu lini nilijua kitu changu kimefika?

Jumanne, 11 Machi

Kisiwa cha mwisho. Magodoro matatu kwa safari, safari nne. Mimi nyuma nayakumbatia, Mrefu anapiga kasia, mawimbi yanajaribu kuonja nailoni. Hakuna hata moja lililolowa. Sisi tumelowa hadi mawazo!

Muuguzi wa zahanati alitupokea majini, amepandisha gauni na kulifunga mafundo kiunoni. Vyumba viwili vyeupe, madirisha ya wavu, harufu ya sabuni ya kipande. Bibi mmoja mwenye mguu wa bandeji hakungoja godoro lifunguliwe. Alilala juu ya nailoni, ikalia kra-kra, akafumba macho. "Msiniondoe," akasema, "nimeshafika."

Mrefu alitoka nje. Nilimkuta nyuma ya tangi la maji anafuta uso kwa fulana. Nilikuwa nipite, nijifanye sijaona. Hivyo ndivyo tunavyofanya, tunaita heshima. Nikamuuliza, "Unalia?"

Akashtuka. Halafu akasema, "Nalia."

Tukasimama pale kivulini. Dakika moja tu. Sijui kama kuna kitu kikubwa kuliko hicho nilichokiona safari hii, na nimemwona kasa.

Jumatano, 12 Machi

Tumegeuza. Sasa upepo ni wa mbele, boti inapiga magoti kila wimbi. Chumvi kwenye nywele, chumvi kwenye chai, chumvi kwenye kurasa hizi. Nina malengelenge viganjani, nayatazama kwa majivuno kama mtu aliyevikwa pete. Chumba cha chini ni kipana ajabu bila magodoro. Tulilala tumenyoosha miguu kama wafalme, ubao ni ule ule.

Kila saa tunaisogelea rangi ya maziwa. Nimejaribu kusema mara mbili. Mara ya kwanza Fundi alileta viazi vya kumenya. Mara ya pili hakuja mtu yeyote. Nikamenya viazi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimesema.

Ilikuwa saa nane mchana. Nahodha na Fundi wamelala mbele, kwenye kivuli cha tanga. Mrefu alikuwa na zamu ya usukani mpaka saa kumi, mimi nimekaa nyuma yake kwenye kamba zilizoviringwa. Nilikuwa naona mgongo wake tu, na shingo iliyoungua na kubambuka. Nikawaza, asiponitazama naweza. Na hawezi kuondoka, ana usukani.

Nilikuwa nimeandaa aya nzima. Yenye utangulizi! Kwamba nampenda mama, kwamba si kosa la mtu, kwamba labda tungefikiria. Nikaihariri kichwani, nikakata, nikakata. Mwisho nikatoa sauti ya Nahodha:

"Sitaki kuhamia kwa mama yako!"

Mgongo haukugeuka. Wimbi moja. La pili. La tatu likatupiga vizuri, tukalowa wote. Nikajua nimevunja kitu. Nikaanza kutafuta namna ya kukirudisha, kusema natania, kusema jua limenipiga.

"Hutaki," akasema polepole, akitazama mbele, "kuhamia kwa mama yangu."

Neno kwa neno. Kama kamba.

Nikasema ndiyo. Ndivyo. Halafu nikalia, kilio cha kijinga chenye kwikwi. Yeye bado hajageuka, lakini mkono wake mmoja ukaja nyuma, kiganja juu, ukakaa hapo hewani mpaka nikaushika.

Baadaye sana akasema, "Na mimi nina langu. Lina muda. Nikilisema na usukani mkononi tutapanda mwamba." Nikasema liseme tu. Akasema hapana — zamu yake ikiisha atashuka, atalisema lote, na mimi nisiseme kitu mpaka nimelirudia. Sauti yake sikuitambua. Haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayechungulia kisima.

Nimeshuka huku ndani. Nimejaribu kulibashiri, kwa mazoea, kama ninavyombashiri siku zote. Chumba? Mama? Kazi? Mimi? Kisha nimejizuia. Ajabu: sijui. Miaka mitatu, na sijui mume wangu atasema nini, na moyo unanidunda kama wa mtu aliyealikwa mahali.

Saa kumi kasoro kidogo. Nahodha ameamka, namsikia anapiga miayo kwa sauti. Nyayo zake juu ya kichwa changu.

"Usukani!"

"Unao!"

"Ninao!"

Mrefu anashuka ngazi. Kichwa — pa! Amesahau tena kuinama. Hajalalamika, hajagusa hata paji la uso. Ameketi sakafuni, pale palipokuwa na magodoro, magoti yamekutana na yangu, maji yanamtiririka kwenye mikono. Ameona naandika. Anangoja niweke kalamu chini.