Jina Langu Lilisomwa Redioni

Kwako Kaka Khamis, Mafubira, Jinja.

Assalaam alaikum wewe na wote walio chini ya paa lako. Mimi mwili ni mzima. Nakula, naenda kazini, na baridi ya huku Uingereza imeanza kupungua. Naomba barua hii ikukute presha yako imetulia na miguu ya Wifi Safia haijavimba tena. Kama kuna anayekohoa hapo nyumbani, Mungu amwondolee.

Usishtuke kuona karatasi. Simu ninayo na chaji imejaa, lakini tangu wiki iliyopita nikiishika ili nizungumze na wewe, naiweka chini tena. Anayekuletea ni Mutonyi, yule muuguzi wa Mbale tunayefanya naye kazi mji mmoja. Anakuja likizo, nami nimemwomba aiweke mkononi mwako, si mkononi mwa mtoto wala jirani. Naandika Kiswahili kwa sababu Kinubi chetu hatukuwahi kukiandika. Baba na usajenti wake wote alitufundisha kuandika kwa lugha ya kambini, na ndiyo iliyobaki mkononi mwangu.

Nianze na jinsi nilivyojua, maana kwenye simu ya kwanza nililia tu, na wewe ukasema pole, pole, mpaka laini ikakatika.

Ilikuwa Jumamosi mchana, kwenye duka linalouza vyakula vya kwetu. Nilikuwa nachagua mihogo. Mutonyi akaja akanishika mikono yote miwili, kama watu wanavyoshikana matangani.

"Dada, pole sana na mama," akasema. "Mimi nilifikiri wewe ulienda nyumbani."

"Mama gani?"

"Mama yako. Si mwezi moja na zaidi imepita? Mama yangu alisikia kwa redio, akanipigia. Jina yako pia walisoma."

"Jina langu walilisoma wapi?"

"Kwa tangazo ya kifo. Walisema watoto yake ni Khamis ya Mafubira na Sauda ya Uingereza, habari iwafikie." Hapo akaniangalia usoni. Akaniachia mikono, akafunika mdomo wake.

Mimi niliurudisha mhogo mahali pake, nikaupanga vizuri na wenzake. Sijui kwa nini nakumbuka hilo. Halafu nikakaa chini, hapo hapo sakafuni, na mwenye duka akaniletea maji.

Unamkumbuka Mama na matangazo ya vifo. Saa yake ilipofika, pale nyumbani Mbale, chini ya mlima Wanale, hakuna aliyeruhusiwa hata kukoroga chai. Alisikiliza majina ya watu asiowajua kabisa, wa Buwenge, wa Kamuli, wa huko milimani, na kila mmoja alimwambia "maskini", kisha akatuuliza kama tumesikia ameacha watoto wangapi. Sasa lake limesomwa. Mbale nzima na Jinja nzima wamelisikia, na mtu aliyeitwa kwa jina ili habari imfikie ndiye peke yake ambaye hakusikia.

Uliniambia ulipopiga tena usiku ule, "Wewe uko peke yako huko, nani angekushika? Tulitaka arobaini ipite kwanza." Nimeyapima maneno hayo siku nzima. Najua ndiyo desturi. Hata alipokufa mjomba tulimficha Baba mpaka aliporudi kutoka kazini Kitgum, tukamwambia akiwa amekaa na watu wawili kila upande. Lakini Baba alifichwa siku nne, tena alikuwa anarudi. Nikakuuliza, kama ulitaka kunificha, kwa nini ukaandika jina langu kwenye tangazo? Ukasema mtoto wa marehemu haachwi kwenye tangazo, watu wangesema mmenikata. Basi watu wakaridhika, na mimi nikaachwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe ulificha kifo chenyewe, ukaumbuliwa na redio uliyoiendea kwa miguu yako.

Tangu utotoni tulikuita afande, kwa sababu uliamua kila kitu bila kuuliza mtu. Nilikuwa nacheka wakati huo.

Nimerudi kwenye simu yangu nikahesabu. Mama alianguka Jumanne, akafariki Alhamisi, mkamzika Ijumaa baada ya swala kando ya Baba. Kuanzia siku hiyo nimemtumia Mama jumbe za sauti thelathini na moja. Zote zina ile alama ya buluu kwamba zimesikilizwa. Umesema simu yake mliichukua, na kila jioni wewe na Wifi mlikaa sebuleni mkanisikiliza, Wifi akilia. Kwa hiyo habari za Bibi Doreen unazijua. Nitakuandikia tena kidogo, kwa sababu nilikuwa namwambia Mama na sikujua nakwambia wewe.

Bibi Doreen ni yule mzee ninayemhudumia nyumbani kwake asubuhi na jioni. Anakaribia miaka tisini, na akili yake inakuja na kuondoka. Ya jana hayajui, lakini ya utoto wake anayo yote. Aliponiona nashangaa swichi ya kahawia kwenye fremu ya dirisha lake la jikoni, akaanza kunisimulia. Zamani mtaani kwao redio ilikuwa inakuja kwa waya, kama maji yanavyokuja kwa bomba. Kampuni ilikuwa na mashine yake ya kunasa sauti huko kilimani, na kutoka hapo waya ulipita chini ya mapaa, nyumba hadi nyumba, ukaingia dirishani. Ndani mlikuwa na kisanduku cha spika tu, kimetundikwa juu ya bweta la mikate. Hakikuwa na kitu cha kutafutia stesheni. Swichi ilikuwa na sehemu tatu: kuzima, programu ya kwanza na programu ya pili, basi.

Mtaa mzima ulikuwa kwenye waya mmoja. Siku ya jua, madirisha yakiwa wazi, mama yake alimtuma mkate, naye alienda dukani na kurudi bila kukosa hata neno moja la mchezo wa redio. Na waya ukikatika kwa mmoja, wote walio mbele yake walinyamaziwa. Watu walitoka nje kuangalia ni kwa nani.

Kisha televisheni ikafika, ya kwanza ikiwa nyumba ya tatu kutoka kwao. Mapazia yalivutwa mchana kweupe, watoto wakakaa sakafuni, wakubwa wakasimama nyuma. Babu yake alivaa tai kwa sababu mtangazaji naye alikuwa na tai, na aliposema habari za jioni, mzee aliitika. Shangazi yake alikataa kukaa mbele. Soksi zake zilikuwa zimetoboka na hakutaka yule bwana wa kwenye kioo azione. Jioni, saa ya watoto kulala, matangazo yalikatwa saa nzima makusudi ili wazazi wapate kuwalaza. Hilo nilimwambia Mama kwa sababu nilijua atalipenda. Yeye alikuwa anazima redio ya Baba na kutuambia betri zinataka kupumzika.

Mlinijibu kwa maandishi, kama Mama alivyoandikiwa siku zote na yeyote aliye karibu naye, "Mama amesikia. Anauliza, sasa hiyo sauti inapitaje kwenye waya?"

Nilijibu kwa dakika tatu nzima, nikieleza. Nilipaswa kujua hapo hapo. Mama asingeuliza sauti inapitaje kwenye waya. Hilo ni swali lako wewe, unayefungua kila kitu kwa bisibisi. Mama angeuliza kama wale majirani waliokuja kutazama walipewa chai.

Waya wa Bibi Doreen ulikatwa miaka mingi iliyopita, na spika ilitupwa. Swichi tu ndiyo imebaki, haijashikana na kitu. Kila asubuhi akimaliza uji anaizungusha, anakaa kwenye kiti chake, anainamisha kichwa na kusikiliza. Hata hilo nilimsimulia Mama nikicheka. Nilisema, Mama, ungemwona mzee wangu anasikiliza ukuta. Nilicheka, Kaka, huku mimi nazungumza na simu ya maiti.

Jumatatu baada ya kujua nilienda kazini, maana hakuna wa kunishikia zamu. Bibi Doreen aliniona macho yangu. Nikamwambia mama yangu amekufa. Hakusema pole. Aliinuka mwenyewe, jambo ambalo siku hizi halifanyi bila mkono wangu, akaenda dirishani akaizungusha swichi mpaka kwenye kuzima. Akaniambia mama yake alipokufa baba yake alizima, na sauti ikaendelea kuja kupitia ukuta wa jirani. Baadaye jirani naye akazima, na wa pili yake, mpaka mtaa wote ukawa kimya kwa siku tatu. Tukakaa hivyo jikoni, mimi na yeye. Hayo ndiyo matanga niliyoyapata. Kesho yake alikuwa amesahau, akaiwasha tena.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo wewe na Wifi mnalijua na hamkulitaja.

Unakumbuka nilivyoondoka. Baba alikuwa na siku ishirini kaburini. Viza yangu ilikuwa inaisha na kazi isingenisubiri. Mama alikuwa ndani kwenye eda, amekaa kwenye mkeka, anavuta tasbihi. Nilipiga magoti nikamwomba radhi ya safari. Hakuniangalia. Alisema, "Nenda. Mimi sijasema kitu." Nikaenda. Miaka mitatu tumezungumza mvua, tumezungumza kunde na mbuzi wa Mama Mdogo, tumecheka, na neno lile halikuguswa na yeyote kati yetu. Nilijiambia nitaliomba nikirudi, nikiwa nimepiga magoti tena, kwa sababu kitu kama hicho hakiombwi kwa simu.

Halafu moyo ukanizidi. Jumapili moja asubuhi niliwasha simu, nikamwomba kwa sauti. Nilimwambia, Mama, arobaini ya Baba niliikimbia, nilikuacha kwenye mkeka, nisamehe, nipe radhi zako. Kesho yake yakaja maandishi: "Mama amesikia. Amesema amekupa radhi zake zote, uishi kwa amani."

Siku hiyo nilipika wali wa nazi nikawagawia watu kazini. Bibi Doreen alikula sahani mbili. Nilitembea barabarani kama mtu aliyeteremshiwa gunia kichwani, na usiku nililala bila kuota ule mkeka.

Jumapili ile Mama alikuwa na siku tatu kaburini.

Sitakutukana. Najua ulinihurumia. Najua ulikaa na ile simu mkononi, ukafikiri, huyu amwage machozi kwa ajili ya nini, nitampa anachokitaka. Lakini Kaka, radhi ya mama si kitu cha kaka kugawa. Ulinivisha nguo ya Mama ambayo Mama hakuivua. Nimeivaa siku thelathini na tatu nikijiona msafi mbele ya Mungu. Arobaini ya Baba niliikimbia mwenyewe. Ya Mama nilinyimwa. Mwana gani hana arobaini hata moja?

Nisalimie Wifi Safia, umwambie machozi yake nimeyasikia na sina kinyongo naye. Wasalimie wanao wote, na yule mkubwa aliyenibebea sanduku siku ya safari. Msalimie imamu aliyemswalia Mama, na majirani wa Wanale waliopika matangani. Mama wa Mutonyi, ambaye redio yake ndiyo iliyonifikishia habari, mpelekee sukari kwa niaba yangu.

Na sasa naomba kitu kimoja. Panda gari uende Mbale kwa Mama Mdogo Rehema. Ndiye aliyekaa na Mama hospitali tangu Jumanne mpaka Alhamisi, na ndiye aliyemwosha. Nenda na kalamu. Muulize kama katika siku zile Mama alinitaja, na kama alinitaja alisema nini. Andika atakavyosema yeye, kwa Kinubi chake, kwa makosa yake, usitengeneze. Usiongeze neno la kunituliza. Kama alisema hapana, andika hapana. Kama hakunitaja kabisa, andika hakukutaja, na Mutonyi aniletee karatasi hiyo hivyo hivyo. Nitaibeba. Nina mikono.

Ila usiniandikie tena amesikia.

Ni mimi mdogo wako,
Sauda