Nilivyomlaza Kabula Kando ya Njia

Shikamoo mayu, mama yangu,

Kabula ametambaa sasa hivi hadi kwenye karatasi hii, akaweka kiganja chenye uji juu ya jina lako. Sikufuta, ndiyo salamu yake. Mguu wako unaendeleaje na baridi ya huko Ushetu? Huku Geita sisi wazima, ila nakukumbuka mpaka ugali unanikwama.

Uliandika kwamba kama bado hajatembea nimlete, umlee wewe. Mayu, miaka miwili inakwisha na bado anatambaa. Lakini nikimtoa mikononi mwangu, huku ugenini nitabaki na nini?

Sasa sikia. Sista anayetufundisha kisomo kwao ni Ureno. Alitusimulia watu wao wa kale, Walusitania. Walichunga mbuzi milimani, walilala chini, na mkate wao ulikuwa wa mbegu za msituni, wanakausha wanasaga, kama sisi na michembe yetu ya viazi vitamu. Nikauliza walitoka wapi. Akasema wasomi bado wanabishana. Kumbe ni kama wazee wetu, kila mmoja na yake. Ila mgonjwa walimlaza kando ya njia, na mpita njia aliyewahi kuugua hivyo alisimama akaeleza kilichomponya.

Jirani yangu Mama Shija akacheka, "Hapa ukimlaza mtu njiani wachimbaji watamruka, watadhani ni pombe."

Mimi sikucheka. Kesho yake nikatandika kanga njia ya kisimani, nikaketi na Kabula. Mpita njia mmoja akaniuliza, "Mama Kabula, unauza mtoto?" Wengi walipita tu. Siku ya tatu bibi mmoja wa Ushirombo akatua ndoo, akamminya magoti. "Mjukuu wangu alikuwa hivi hivi. Tulimchimbia shimo la kiunoni, kila asubuhi anasimama humo, udongo unamshika. Akilia usimtoe upesi."

Baba Kabula akachimba uani. Anasema ndilo shimo la kwanza analochimba bila kutafuta dhahabu. Wiki ya tatu sasa. Hata hivi ninavyoandika amemchukua kumsimamisha. Natamani ungekuwa wewe unayemshika mkono, maana mimi akilia nalia naye.

Nisalimie baba, na dada anayekutekea maji, na mjomba wa shamba la tumbaku. Waambie baada ya mavuno tutakuja. Akitembea, tutakaa hadi mtuchoke, kisha nirudi naye. Asipotembea, mayu, nitakuachia kama ulivyosema, na mimi nita... ngoja, baba yake ananiita uani, anasema nije taratibu nisimshtue, kwamba Kabula amesimama mwenyewe nje ya shimo, na mguu mmoja...